Dubu Hupanda Mti

3 Mei, Thornton Heath
Hali ya hewa: mawingu, na rasharasha isiyoweza kulowesha hata kuku.
Matukio: Wambui ameondoka.
Hatua iliyochukuliwa: ushauri umetolewa.

Hivi ndivyo tulivyofundishwa kuandika kitabu cha kituo nilipokuwa askari wa msitu kule Nyandarua. Mistari mitatu kila siku, kwa Kiswahili, hata kama tangu asubuhi hukuona kitu ila mgongo wa mwenzako. Bwana Forester alikuwa akisema askari asiyeandika hakwenda kazini. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mistari mitatu naiweza, na nikichokozwa naongeza. Tangu binti yangu Maureen anilete London, miaka mitano iliyopita, tulipomaliza kumzika mama yake, sijawa na kituo cha kulinda. Leo nimepata. Nimechukua daftari la zamani la Wambui lenye kurasa nyingi tupu. Ukurasa wa kwanza una picha ya figo. Nimeiacha, huenda ikanifaa.

Wambui ni mjukuu wangu, mtoto wa pekee wa Maureen, ana miaka ishirini na moja. Alipewa jina la marehemu mke wangu, kwa hiyo kwa desturi yetu yeye ni bibi yangu, na ndivyo ninavyomwita, hata ndani ya basi mbele za watu. Naye huniita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, na akifurahi huniita mzee wangu, kama mke kwa mumewe. Ameenda Kanada kupanda miti mpaka Agosti. Mtoto aliyezaliwa Croydon, ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu! Nilimwambia, "Bibi yangu, kama ni miti, kuna mmoja pale kituo cha basi, unaomba mtu aumwagilie maji." Akacheka. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. Hapa nitaandika maneno yake kwa Kiswahili, maana kalamu ni yangu.

Mlangoni, mizigo ikiwa mgongoni, Maureen akamuuliza, "Na dubu?" Maureen ni sista wa hospitali, kila kitu anakiona kikiwa tayari kimelazwa wodini. Wambui akasema kampuni itawapa mafunzo. Nikawakatiza wote wawili. "Dubu ni nini? Ni nyati aliyevaa sweta." Nikamsimulia tena, mara ya mia, habari ya nyati wangu wa mwaka wa sabini na nane. Alivyonijia kama lori lililokatika breki. Nilivyokuwa peke yangu. Nilivyopanda mti nikakaa juu mpaka jioni, nikimtukana yeye na ukoo wake wote mpaka akaona haya akaondoka. "Kwa hiyo ukimwona dubu, wewe panda mti. Hayo mengine ni ya vitabuni."

Wambui akanikumbatia. "Juu ya mti, Guka," akasema. Na hilo alilisema kwa Kiswahili.

6 Mei
Hali ya hewa: jua la uongo, linaangaza bila kupasha.
Matukio: hakuna.
Hatua iliyochukuliwa: hakuna.

11 Mei
Hali ya hewa: upepo.
Matukio: Wambui ametuma picha.
Hatua iliyochukuliwa: nimeziangalia mpaka simu ikazima.

Wanakaa kwenye mahema. Kambini hakuna netiwaki, inapatikana tu kila siku ya tano wanaposhuka mjini kufua nguo. Siku hiyo ujumbe wangu unapata tiki mbili. Siku nyingine zote ni tiki moja, maana yake umetoka kwangu na haujafika kokote, uko angani na ndege.

Kuna kijana anafanya naye kazi, Luc, wa Quebec, huko wanakosema Kifaransa. Kwenye picha ana ndevu za mtume na miguu ya korongo. Wambui anasema Luc ameipenda sana hadithi ya nyati, amemwomba aisimulie mara mbili kando ya moto. Nimejulikana Kanada. Nimemwambia Maureen, naye akaendelea kupiga pasi sare yake.

17 Mei
Hali ya hewa: mvua, kisha mvua nyingine.
Matukio: nimetukanwa na kinyozi.
Hatua iliyochukuliwa: nimeondoka nikiwa nimenyolewa upande mmoja.

Alexis ana kiti chake cha kinyozi huku High Street, karibu na duka la mihogo. Ni mtu wa Bukavu, alikuja kama mkimbizi miaka ishirini iliyopita. Nakwenda kwake kila Jumamosi ingawa kichwa changu kina nywele za kuhesabika, kwa sababu ndiye mtu pekee hapa ninayeweza kumdanganya kwa raha. Na yeye ananidanganya. Mimi nina nyati, yeye ana sokwe. Kwa sokwe, anasema, unainama, unaangalia chini, unakuwa mdogo kama mtu mwenye deni la kanisa.

Leo nikamweleza jinsi bibi yangu atakavyompandia dubu mti. Alexis, ambaye kwa Kiswahili cha kwao mnyama ni nyama, akasimamisha mashine.

"Mzee Wanjohi, ile nyama iko na makucha?"

"Iko nayo."

"Basi inapandaka miti."

"Nani kakwambia?"

"Na chui je? Weye ulikuwa askari wa msitu, hukuona chui juu ya mti? Nyati haipandi juu haina makucha. Lakini ile yenye makucha, Mzee! Weye umemtuma mtoto juu ya ngazi ya adui."

Wateja wawili wakacheka. Mtoto aliyekuwa anangoja kunyolewa alikuwa amekumbatia kidubu cha manyoya ambacho Alexis anakiweka pale kwa ajili ya watoto wanaolia. Nchi hii ni ya ajabu. Mnyama wa kuua watu ndiye wanayemlaza na watoto kitandani. Kidubu kilikuwa kinaniangalia kwa jicho moja, la pili limeng'oka. Nikainuka na shuka shingoni, nikatoka.

Chui. Niliwaona chui tisa juu ya miti kwa macho yangu. Niliwaandika kitabuni.

20 Mei
Hali ya hewa: sikuangalia.
Matukio: nimekwenda maktaba.
Hatua iliyochukuliwa: nimepewa karatasi.

Maktabani kuna msichana anaitwa Sapna, anajua mahali pa kila kitu. Nikamwambia nataka kujua namna ya kuamkiana na dubu. Hakucheka, ndiyo maana nampenda. Akabonyeza, akachapisha kurasa tatu, akanisomea polepole kama daktari anayesoma majibu ya damu.

Usikimbie. Yeye anakimbia kukushinda, hata akipanda mlima. Simama. Zungumza naye kwa sauti ya chini, ajue wewe ni mtu. Rudi nyuma taratibu, umpe njia. Usiingie kati ya mama na watoto wake. Tembea ukipiga kelele ili usimshtue. Beba ile dawa ya pilipili ya kupuliza.

"Na mti?" nikamuuliza.

Akageuza ukurasa. "Dubu mweusi anapanda mti haraka kuliko wewe unavyopanda basi."

Halafu ikaja ile nyingine. Kama ameshakushika na ni dubu wa kahawia, lala kifudifudi, mikono juu ya shingo, usitikisike. Kama ni mweusi, pigana naye. Nikamwambia Sapna, kumbe huyu mnyama ni kama siasa za kwetu, kabla ya kufanya lolote unamuuliza kwanza kabila lake. Hapo ndipo akacheka. Mimi sikucheka. Kifudifudi, mikono juu ya shingo. Nilikuwa nimeshamwona mtu mmoja akifanya hivyo, na hakuwa amesoma karatasi.

Nimeandika ujumbe: Bibi yangu, usipande mti. Tiki moja.

24 Mei
Hali ya hewa: joto la ghafla, watu wamevua nguo barabarani.
Matukio: nimezungumza na Wambui dakika nne.
Hatua iliyochukuliwa: hakuna.

Nitaandika yote, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Alipiga saa kumi jioni, kwao ni asubuhi. Maureen alikuwa jikoni anakaanga sukuma wiki, simu iko mezani, sauti kubwa. Wambui akasema amepata ujumbe wangu, akacheka. "Guka umeanza kuogopa? Uzee huo."

"Dubu hupanda mti. Nimesoma."

"Hata mwalimu wa mafunzo alisema hivyo. Lakini huyo kasoma tu. Wewe ulikuwepo! Kambini wote wanasema hadithi yako ni bora kuliko karatasi zake. Luc ameshachagua mti wake kabisa."

"Wambui..."

"Eti sasa umeniita Wambui? Bibi yako ameondoka?"

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Kisha nikaona mgongo wa Maureen pale jikoni, mwiko umesimama hewani, na nikasema, "Uvae soksi nzito."

Akasema kesho wanahamishwa kwa helikopta kwenda kambi ya mbali zaidi, milimani, siku kumi na moja au kumi na mbili bila kushuka mjini. Netiwaki hakuna kabisa. Akanibusu kupitia simu. Basi.

Dakika nne nzima nilikuwa naye.

25 Mei
Hali ya hewa: joto.
Matukio: ya tarehe 9 Agosti 1978.
Hatua iliyochukuliwa: itafuata chini.

Nimeketi tangu asubuhi. Maureen yuko kazini. Naandika kitabu cha siku ile upya, kwa sababu kile nilichoandika wakati ule kilikuwa cha uongo.

Hatukuwa mmoja. Tulikuwa wawili, mimi na Bonface. Bonface tulilala kibanda kimoja miaka sita, tulikula sufuria moja, na yeye ndiye aliyenisimamia nilipomwoa Wambui, mke wangu. Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Tulisikia nyati kabla ya kumwona. Alikuwa na waya wa mtego mguuni, amekonda, ana hasira ya wiki nzima. Bunduki tulikuwa nayo moja, na ilikuwa kituoni, maana ilikuwa nzito na sisi tulikuwa wavivu.

Mti uliopandika ulikuwa mmoja, mwerezi wenye tawi la chini. Nilifika kwanza. Nikapanda, nikakaa kwenye lile tawi, nikalikumbatia shina. Bonface akalishika tawi kwa mikono miwili, pale pale penye buti langu. Akaniangalia. Hakupiga kelele. Akasema, "Wanjohi, sogea."

Sikusogea.

Sikumpiga teke. Hilo nimejitetea nalo miaka arobaini na saba, kwamba sikumpiga teke. Nilikaa tu. Kulikuwa na nafasi juu yangu, kulikuwa na tawi lingine, ningeinuka kidogo tu. Miguu ilikataa. Ama mimi ndiye niliyekataa na naisingizia miguu, sijui, na sina wa kumuuliza.

Bonface akaachia. Akakimbia hatua tano, akajitupa kwenye mfereji wa maji, kifudifudi, mikono juu ya shingo. Nyati akamfuata pale. Niliona kila kitu, nilikuwa na kiti cha mbele. Akamvunja nyonga. Bonface hakutikisika, akanyamaza kama gogo, mpaka nyati akachoka akaondoka. Mimi nilishuka jioni. Nyati alikuwa ameondoka tangu saa tano. Na sikutukana mtu. Sikutoa sauti hata moja siku nzima, hata Bonface alipoanza kuniita.

Kitabuni niliandika: Matukio, askari Bonface ameteleza mferejini akaumia. Hatua iliyochukuliwa, amepelekwa hospitali.

Bonface hakukanusha. Alipotoka hospitali alikuwa na fimbo, na mimi nilikuwa na hadithi. Mwanzoni niliisimulia ili nisiulizwe maswali. Halafu watu wakacheka, nikaongeza matusi, wakacheka zaidi. Mke wangu hakuniuliza hata siku moja. Ila kila nilipoanza, "Mwaka wa sabini na nane," alikumbuka maziwa jikoni.

Ndiyo hadithi niliyompa mtoto aende nayo kwenye msitu wenye dubu.

Hatua iliyochukuliwa: nimeyasema haya yote kwenye simu, ujumbe wa sauti, kipande kwa kipande, maana kidole kinachoka kubonyeza. Vipande kumi na kimoja. Mwishoni nimesema, usinisikilize mimi, fanya alivyofanya Bonface.

Tiki moja. Mara kumi na moja.

27 Mei
Joto. Tiki moja.

28 Mei
Joto. Tiki moja. Kuku wa Maureen nimeshindwa kumla, mwenyewe akanipima presha.

31 Mei
Hali ya hewa: mawingu.
Matukio: mazoezi.
Hatua iliyochukuliwa: nimeliwa na dubu mara tatu.

Nimerudi kwa Alexis amalizie upande wa pili. Akanifunga shuka shingoni. Nilipomwambia mtoto yuko milimani na simu haifiki, akaondoa shuka, akafunga mlango, akageuza kibao. Mchana kweupe, Jumamosi, wateja wapo nje!

"Simama pale kwenye kioo," akasema. "Mimi niko dubu."

Akachukua kile kidubu chenye jicho moja, akakishika mbele ya kifua, akanijia akinguruma kwa Kifaransa. Mimi nikajaribu kusimama, kusema kwa upole, kurudi nyuma taratibu. Nikaangusha chupa za spiriti. Mara ya pili nikacheka, akasema nimeshakufa. Mara ya tatu nilisimama vizuri, mikono wazi. Nikamwambia, "Mwenzangu, mimi ni mtu tu, nakwenda zangu." Halafu miguu ikaanza kutetemeka. Mbele ya kidubu cha watoto! Alexis akaacha kunguruma, akaniketisha kwenye kiti.

Nikamwambia habari za Bonface. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa akiwa hai mbele yangu, simu siihesabu.

Alichana manyoya ya kile kidubu kwa kitana. Kisha akasema, "Miye vilevile kuna mtu niliacha njiani. Haikuwa nyama ya msitu, ilikuwa vita." Hakuendelea, na mimi, ambaye huwa namchokonoa hata juu ya bei ya sabuni, sikumuuliza. Nilikuwa nikidhani sokwe wake ni uongo wa kufurahisha duka. Leo naona alikuwa anafanya kama mimi, anasimulia mnyama ili asisimulie mtu.

Wateja walikuwa wanagonga kioo.

3 Juni
Mvua. Tiki moja.

4 Juni
Hali ya hewa: mvua na jua pamoja.
Matukio: kuna mtu ameumizwa na dubu.
Hatua iliyochukuliwa: hakuna.

Maureen alikuja mezani asubuhi saa mbili na sare yake, simu mkononi, akakaa bila kuvuta kiti vizuri. Kuna habari fupi imetokea kule Kanada. Mpanda miti mmoja ameshambuliwa na dubu milimani, amepelekwa hospitali kwa helikopta. Jina halikutajwa. Umri wa miaka ishirini na kitu. Kampuni haikutajwa. Mji uliotajwa ni ule wa kufulia nguo.

Akapiga simu ofisi ya kampuni. Kule ilikuwa usiku wa manane, mashine ikamjibu asante kwa kupiga. Akapiga tena. Asante kwa kupiga. Akapiga kazini kwake, akasema haji.

Nilimwambia, "Si lazima awe yeye."

"Baba, nyamaza."

Tukanyamaza saa nzima. Mimi sijui kunyamaza, Mungu anajua. Nikamwambia tu. Nilimwambia mti, na buti, na "Wanjohi, sogea". Nilimwambia nikiangalia kitambaa cha meza, chenye picha za malimau.

Maureen akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Mama aliniambia nikiwa na miaka kumi na miwili. Mzee Bonface mwenyewe alimwambia, Mama alipokuwa anampelekea uji hospitalini."

"Na hamkusema? Miaka yote hiyo?"

"Ulikuwa unaifurahia sana, Baba." Akajipangusa pua kwa mkono wa sare. "Na siku ile pale mlangoni nilikuwa nikuzuie. Nilitaka kusema, usimpe mtoto hiyo. Nikaona nitakuaibisha."

Nilidhani nilikuwa nimewadanganya. Kumbe walikuwa wananitunza, kama anavyotunzwa mzee anayejikojolea, kila mtu anapangusa na hakuna anayesema. Na mimi nilimwona Maureen mtu wa kupiga pasi tu na kupima presha!

Ofisi kule inafunguliwa saa mbili asubuhi yao, kwetu saa kumi jioni. Tulikaa. Tulipika chai, hatukuinywa. Saa saba mimi nilikwenda dirishani. Kuna mti mbele ya nyumba yetu, wa manispaa, una nambari kwenye kibati. Nimeuona miaka mitano. Leo niligundua nimekuwa nikihesabu matawi yake.

Saa kumi kasoro dakika sita simu ikalia.

"Mama, ni mimi. Mimi mzima."

Maureen akakaa sakafuni. Simu akanipa mimi.

Wambui alikuwa anapiga kutoka hospitali ya mjini, analia hivi kwamba Kiingereza chake kilikatikakatika. Ni Luc. Walikuwa wanapanda kwenye mteremko, akatokea dubu mweusi, mama na watoto wawili, karibu kama kutoka hapa mpaka kwenye friji. Luc alisimama ameganda. "Na mimi nilipiga kelele, Guka. Nilimwambia panda! Panda mti! Akanisikiliza."

Luc akapanda. Dubu akapanda nyuma yake, mara moja, kama anapanda kitandani. Akamshika buti akamvuta. Wambui na wenzake wawili wakaja wakigonga mabeleshi na kupiga mayowe, na yule mama akashuka akaondoka na watoto wake. Luc amevunjika nyonga.

Nyonga.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema. "Ni mimi, Guka." Na mimi nilikuwa na simu mkononi, bahari nzima katikati, na nisingeweza hata kumfuta machozi. Kisha nikasikia simu yake ikitoa milio mfululizo. "Guka, meseji zako zinaingia sasa. Ni nyingi. Ni za nini?"

Nilitaka kusema zifute. Naandika ukweli, nilitaka. Nikaangalia chini, Maureen alikuwa bado sakafuni, ananiangalia.

"Ni zako," nikasema. "Sikiliza ukiwa umeketi. Si wewe uliyemwambia. Ni mimi."

5 Juni
Hali ya hewa: safi.
Matukio: tiki mbili, rangi ya buluu. Zote kumi na moja. Amesikiliza.
Hatua iliyochukuliwa: kungoja.

6 Juni
Safi. Hakuna jibu.

7 Juni
Hali ya hewa: mvua kubwa, ya kwetu hasa.
Matukio: Alexis ameninyoa. Kidubu kimeshonewa kifungo cha shati mahali pa jicho.
Hatua iliyochukuliwa: hakuna.

8 Juni
Hakuna jibu. Maureen kapewa jibu, mimi sijapewa. Anasema nimwache. Namwacha, nitafanya nini?

11 Juni
Hali ya hewa: joto, hakuna hata jani linalotikisika.
Matukio: Wambui ameandika.
Hatua iliyochukuliwa: iko chini.

Ameandika kwa Kiswahili. Nimekisoma mara nne, kina makosa kila mstari na sitarekebisha hata moja. Anasema alisikiliza zote akiwa ameketi kando ya kitanda cha Luc, akawa anamtafsiria kipande kwa kipande, kwa sababu Luc naye alistahili kusikia. Anasema alikuwa na hasira sana, na bado anayo. Anasema ameacha kulala vizuri, anamwona Luc akipanda. Anasema, "Guka usinitumie advaisi tena." Leo hii anarudi kambini, msimu haujaisha. Mama yake amemkataza, mimi sina ulimi wa kukataza.

Hakuniita mzee wangu. Mwisho ameandika hivi: "Luc anauliza Bonface alitembea tena? Na mimi nauliza ulimwambia pole?"

Nikaketi na simu. Saa nzima. Kisha nikabonyeza, na nikasema.

Nikasema, mwambie Luc alitembea. Miezi minane alikuwa na magongo, halafu fimbo, na nyakati za baridi aliburuta mguu. Alilima, alizaa watoto wawili wengine, alicheza ngoma harusini kwa mguu mmoja na nusu na wanawake wakampigia vigelegele. Kila Jumapili alipita mbele ya lango langu akienda kanisani. Fimbo yake ilikuwa na sauti kwenye mawe, naijua mpaka leo. Nilipoisikia nilikuwa nakwenda nyuma ya zizi, kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Miaka thelathini na sita nilikwenda nyuma ya zizi. Wakati mwingine alisimama pale langoni kidogo, halafu fimbo ikaendelea.

Alikufa mwaka wa elfu mbili na kumi na nne. Mazishini waliniomba nisimulie habari ya nyati, maana yenyewe ilikuwa inachekesha. Nikasimulia.

Pole sikumwambia. Hilo ndilo jibu la swali lako, bibi yangu, na kama hutaki kuwa bibi yangu nitaelewa. Wewe mwambie Luc pole leo, kabla hujapanda helikopta. Huu si ushauri. Naomba.

Dakika sita na sekunde kumi na moja.

13 Juni
Hali ya hewa: joto.
Matukio: ameshapanda kambini. Siku kumi na mbili tena. Maureen anauliza kama alipata ujumbe wangu kabla ya kuondoka.
Hatua iliyochukuliwa: nimemwonyesha simu. Tiki moja.